Kijana wangu wa miaka 15 hataki tena matembezi ya Jumapili, tumlazimishe au tumwache?

"Habari za kazi dada mshauri. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Tabata. Wa kwanza wa kiume ana miaka 15 yuko kidato cha pili, binti ana 13, na mdogo wao wa kiume ana 8. Tangu wakiwa wadogo tuna utaratibu wetu, Jumapili ya mwisho wa mwezi tukitoka kanisani baba yao anatupakia kwenye gari tunaenda mahali, mara nyingi Coco Beach, saa nyingine Kunduchi au Kijiji cha Makumbusho. Walikuwa wanaipenda sana, wanaanza kuhesabu siku tangu katikati ya mwezi. Sasa tangu mwaka jana huyu mkubwa anasema 'nyie nendeni tu'. Mwezi uliopita baba yake akamnyang'anya simu akamlazimisha, akaenda, lakini alikaa ndani ya gari masaa mawili, hakushuka hata kula mihogo. Tulirudi wote tumenuna. Baba yake anasema simu imemharibu na tukimwachia huyu binti naye atafuata. Mimi nahisi nimempoteza mwanangu. Tumlazimishe au tumwache? Na kumwacha nyumbani peke yake ni salama? Mdogo wao kila mwezi anauliza kwani kaka haji?"

Dada yangu, pole. Nianze na hilo la mwisho wa maelezo yako, kwamba umempoteza mwanao, maana naona ndilo linalokuuma kuliko lile la Jumapili yenyewe. Hujampoteza. Kwa ulivyoeleza hapa mtoto anasoma, kanisani anaenda, hajakutukana wala hajapotea nyumbani, kitu pekee alichogoma ni matembezi ya aina moja, na kwa Kiswahili chetu kuna tofauti kubwa sana kati ya kutembea na kutembezwa. Mtoto wa miaka 7 anatembezwa na anafurahi. Wa miaka 15 ukimtembeza anaona aibu, hata kama anakupenda kupita kiasi, na mara nyingi hana maneno ya kukuambia hivyo ndo maana anatoa ile "nyie nendeni tu".

Baba yake naye namwelewa, wala simlaumu. Ametafuta hela, ameweka mafuta, amekaa kwenye foleni, halafu mtoto anakaa ndani ya gari. Inauma. Ila kwenye hili la simu ningeomba mlitazame upya. Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa 1996, Reed Larson na wenzake waliwafuatilia watoto wa vitongoji vya Chicago kuanzia umri wa miaka 10 hadi 18, wakiwa wamewapa vile vifaa vya zamani vya kuita mtu, vipeja, kikilia tu mtoto anaandika hapo hapo yuko wapi, yuko na nani, anajisikiaje. Wakakuta muda wa kuwa na familia unashuka kutoka asilimia 35 ya masaa ambayo mtoto yuko macho hadi asilimia 14. Sasa angalia mwaka, 1996, simu ya kioo hakuna, Instagram hakuna, iPhone ya kwanza imetoka 2007. Kwa hiyo watoto walishaanza kujitenga na msafara wa familia kabla hata hizi simu hazijazaliwa, na ukimuuliza bibi yao atakuambia baba yao naye kuna umri alikuwa haonekani nyumbani, yuko uwanjani na wenzake mpaka magharibi. Simu inaongeza ugumu, sikatai, hasa usiku. Lakini haikuanzisha hili jambo.

Kwenye utafiti huo huo kuna kitu kingine ambacho mimi ndo nakishika sana kwenye kazi yangu. Muda wa familia nzima ulipungua, lakini muda wa mtoto kuwa yeye na mama tu, au yeye na baba tu, haukupungua. Na baada ya kile kipindi kigumu cha mwanzo wa ujana, hali ya watoto wakiwa na familia ilianza kuwa nzuri tena. Ni watoto wa Chicago, maisha yao na ya Tabata hayafanani, lakini kwa familia nilizokaa nazo hapa Dar naona hivyo hivyo. Anakimbia kundi. Ukimpata mmoja mmoja anaongea.

Sasa kwa nini inakuwa hivi, maana ukielewa kinachoendelea ndani yake hasira inapungua. Kitu cha kwanza ni usingizi na watu wengi hawakihesabu kabisa. Mtoto akibalehe, homoni ya usingizi inayoitwa melatonini inaanza kutoka kwa kuchelewa usiku, kwa hiyo hata akilala mapema anageuka geuka tu, mwili hauko tayari. Kijana wa umri wake anahitaji masaa 8 hadi 10 ya kulala. Na watoto wa Dar tunawajua, saa 10 na nusu alfajiri yuko kwenye basi la shule anazungushwa mji mzima, Jumamosi tuisheni, Jumapili ibada ya kwanza. Mkitoka kanisani saa 3 mnampakia kwenye gari kwenda kuchomwa na jua la Coco. Huyo mtoto ana deni la usingizi la wiki nzima! Ukisogeza safari ikawa saa 9 au 10 jioni, amelala mchana, amekula, jua limeshuka, unaweza ukashangaa nusu ya ugomvi imeisha na hujabadilisha kitu kingine chochote.

Cha pili ni macho ya watu. Mwanasaikolojia David Elkind aliandika mwaka 1967 kwamba kijana anaishi kama vile yuko jukwaani, anahisi kila mtu anamtazama yeye. Kwako Coco ni upepo na mihogo. Kwake yeye Coco jioni ya Jumapili ni mahali ambapo nusu ya shule yake inaweza kupita, na yeye kakaa kwenye mkeka na mama, kanga imetandikwa, hotpoti la pilau katikati, mdogo wake anapiga kelele na boya la kuogelea kiunoni. Halafu mama anatoa simu, "sogeeni sogeeni", picha inaenda status, na status inaonwa na mama wa rafiki yake, na rafiki yake anaiona. Dada yangu sikutuhumu, wote tunapost watoto wetu tukiwa na furaha nao. Ila kuanzia sasa muulize kabla ya kupost, akisema hapana basi ni hapana. Ni jambo dogo sana na linarudisha imani haraka kuliko maneno yote.

Na hapa hapa nimguse binti, maana barua yako imemtaja kwa mstari mmoja tu na mimi nimemuwaza kuliko hata kaka yake. Watoto wa kike wengi hawagomi. Kaka akisema siendi mnabishana naye, binti akisema siendi anaambiwa na nani atamwangalia mdogo wako, kwa hiyo anaenda, anabeba taulo, anamfuatilia mdogo majini, anagawa juisi, anarudi anaosha vyombo vya safari. Kwake siku ya matembezi ni siku ya kazi. Na miaka 13 ndo mwili unabadilika, kuna siku yuko kwenye hedhi na ndo siku mliyoamua Kunduchi kuogelea, atakuambia tumbo linauma au atanuna tu, hawezi kusema mbele ya baba yake. Hata ile nguo iliyolowa kubana mwilini mbele ya watu inamtesa. Mwulizeni yeye kwanza tarehe kabla ya kupanga safari ya maji, wewe mama ndo umuulize, chumbani, mlango umefungwa. Akisema siku hiyo hapana, wewe ndo uihamishe kama wazo lako, usimtaje.

Sasa swali lako lenyewe, kulazimisha au kuacha. Yote mawili yana gharama na nitakuambia bila kukuficha.

Kulazimisha kunaleta mwili. Mwezi uliopita mliupata mwili, masaa mawili ndani ya gari. Lakini kuna mambo ambayo mwili wake unatakiwa uwepo hata kama hapendi, msiba, harusi ya ndugu, kwenda kumsalimia bibi, Krismasi. Hayo yasiwe mjadala, na kijana mwenyewe mkimwambia mapema na kwa upole anaelewa, ni utu wetu huo. Kosa ni kuweka Coco kwenye kapu moja na msiba. Mkitumia nguvu kwenye kila kitu, siku ya jambo zito mtakuwa mmeshaimaliza.

Kuacha kabisa nako kuna hasara. Ukisema haya baki, kila mwezi, bila kuweka kitu kingine pale, mtoto anazoea na nyinyi mnazoea, na mwaka unaisha mnaonana kwenye ukumbi wa nyumba tu kila mtu na sahani yake. Na wapo vijana wengi, kwa uzoefu wangu, ambao wanasema siendi wakiwa wanategemea uombe mara ya pili. Wanataka kukataa na wanataka kutafutwa, vyote kwa pamoja. Inachosha lakini ndo umri.

Mimi ningeenda katikati hivi. Hizi Jumapili za mwisho wa mwezi, chukueni moja katika kila mbili au tatu, hiyo wote mnaenda bila mjadala, lakini yeye na dada yake kwa zamu ndo wanapanga. Na kupanga namaanisha kupanga kweli, mpe bajeti mkononi, tuseme elfu hamsini au chochote mnachoweza, aamue wapi, usafiri gani, mnakula nini, mnarudi saa ngapi. Gari mnaliacha nyumbani akitaka. Kijana wa miaka 15 anaijua Dar kuliko nyinyi mnavyodhani, anajua wapi mnachukua mwendokasi na mnashukia wapi, na ukimwona baba mzima anamfuata mwanae kwenye foleni ya tiketi anauliza "hapa tunaelekea upande gani", utaona mtoto mabega yamepanda. Baba yake asichukue usukani katikati ya safari. Hata wakikosea kituo. Hiyo ni ngumu kwa mababa, naijua, lakini akiweza kuvumilia safari moja tu ya hivyo atakuwa amemlipa mtoto kitu kikubwa.

Kuhusu wapi, mimi naona kosa ni kuendelea kwenda sehemu za watoto wadogo na kushangaa wakubwa wanaboeka. Umri huu unapenda kitu chenye uzito, chenye uhatari kidogo, au chenye mwendo. Makumbusho ya Taifa pale mtaa wa Shaaban Robert, kama mliwapeleka wakiwa wadogo hawakuona chochote, lakini sasa kidato cha pili amesoma habari za Zinjanthropus, lile fuvu aliloliona Mary Leakey Olduvai mwaka 1959 la miaka kama milioni 1.75, mwache yeye amfundishe mdogo wake mbele yenu. Kisiwa cha Mbudya, boti mnachukulia Kunduchi, au Bongoyo mnaondokea Slipway Msasani, ile ya kupanda boti yenyewe inatosha. Treni ya SGR kwenda Morogoro, imeanza Juni 2024, asubuhi mnaenda mnakula Moro mnaona milima jioni mmerudi, na tiketi anakata yeye kwenye simu ile ile mnayogombania. Mechi uwanja wa Mkapa na baba yake, wawili tu, kile kiwanja kinabeba watu 60,000 hakuna anayemwangalia yeye huko, kila mtu anaangalia mpira. Na akichagua kwenda kwenye gemu na chipsi Mlimani City, nendeni. Mtaboeka. Yeye amevumilia mabembea miaka saba.

Rafiki aje? Mimi nasema ndiyo, safari moja moja aje na rafiki mmoja, na hapo hapo mtamjua rafiki mwenyewe, mzazi wake, anaongeaje. Ila kwenye maji muwe wakali. Margo Gardner na Laurence Steinberg walifanya jaribio likatoka mwaka 2005, vijana walicheza gemu la kuendesha gari, wakicheza peke yao ni waangalifu kiasi, wakiwa na marafiki pembeni wanakuwa na papara zaidi, wakati watu wazima wala hawakubadilika hivyo. Ile sehemu ya ubongo ya kujizuia bado inajengwa mpaka karibu miaka 25. Maana yake kijana wako mstaarabu, akiwa na rafiki ufukweni, anaweza kwenda kina ambacho peke yake asingeenda. Kwenye boti maboya ya kujiokolea wote wanavaa, na mpaka wa wapi mwisho wa kuogelea unawekwa kabla hawajalowa.

Jambo ambalo ningeomba mlianze hata kabla ya hayo yote ni safari ndogo za mtu mmoja mmoja. Nisimulie moja yangu. Mwanangu alipofika 14 alikuwa ananijibu neno moja moja tu, "poa", "sijui", "sawa". Siku moja nikamwambia nisindikize Feri nikachukue samaki, akanuna lakini akaja. Tulipomaliza nikasema tupande kivuko tuvuke Kigamboni turudi, bila sababu yoyote. Tukasimama pembeni kwenye reli, mfuko wa vibua umekaa katikati ya miguu yetu unavuja maji, wote tunaangalia meli imetia nanga pale, hakuna anayemwangalia mwenzake. Rasharasha ya chumvi ikarukia kioo cha simu yake, akaifuta na shati, akaiweka mfukoni, akaanza kuniambia habari ya mwalimu aliyemdhalilisha mbele ya darasa muhula mzima. Kuvuka pale ni dakika chache tu. Tulivuka mara nne siku ile, samaki nusura waharibike. Nyumbani, nimemkalisha kwenye kochi namwangalia usoni namuuliza "una nini?", asingesema.

Siri yake ni kukaa bega kwa bega. Kijana ukimkazia macho anahisi yuko mahakamani. Kwenye gari, kwenye daladala siti ya nyuma, mnachambua mitumba Karume, mnatafuta raba Kariakoo, macho yako kazini na mdomo unafunguka wenyewe. Kwa hiyo baba yake, badala ya kumnyang'anya simu, amwambie Jumamosi nisindikize gereji. Hela haihitajiki. Na asianze na mahubiri, wakae kimya hata nusu saa, asiogope ukimya. Wewe mama usimrekebishe baba mbele ya mtoto, ongeeni usiku mkiwa wawili, mweleze kwamba anayemhitaji zaidi sasa hivi ni yeye, maana ndo kweli.

Kumwacha nyumbani peke yake mchana, miaka 15, kama ni mtoto mnayemwamini na majirani mnawajua, mimi sioni tatizo kwa masaa machache. Mkubaliane kabla: gesi inafungwa wapi, geti halifunguliwi kwa mgeni hata akisema katumwa na baba, nani jirani wa kumkimbilia, simu iwe na chaji na akipigiwa apokee. Simu hiyo hiyo, ndo maana kumnyang'anya siku anayobaki ni hatari kwenu. Binti wa 13 kubaki peke yake mimi ningesita bado, siyo kwa sababu hana akili bali kwa sababu ya watu wanaoweza kujua yuko peke yake, na wengi wanaoumiza watoto ni watu wanaofahamika nyumbani. Wa miaka 8 asiachiwe kaka yake siku nzima mpaka muwe mmejaribu muda mfupi mfupi kwanza.

Sasa kuna hali ambazo haya yote niliyoandika hayatoshi, na hapo usisubiri. Kama hagomi Jumapili tu, bali ameacha na marafiki, ameacha mpira au kile alichokuwa anakipenda. Kama halali au analala mno, hali chakula, shule imeporomoka ghafla, ana hasira ambazo siyo zake, na hali hiyo imevuka wiki mbili. Kama anaogopa mahali fulani au mtu fulani na hasemi kwa nini, au kila mkienda kwa ndugu fulani ndo anaumwa. Kama hela zinapotea, ananukia vitu usivyovielewa. Kama umeona alama za kujikata, au amesema hata kwa utani kwamba bora afe, hiyo ni siku hiyo hiyo, usilale nayo. Hospitali za rufaa za mkoa hapa Dar, Amana, Mwananyamala, Temeke, mnaweza kuanzia hapo, na Muhimbili kuna idara ya magonjwa ya akili inayoona watoto na vijana. Namba ya huduma kwa mtoto ni 116, ni bure, mzazi anaweza kupiga na mtoto mwenyewe pia, mpe aihifadhi. Kama kuna mtu amemfanyia jambo baya, Dawati la Jinsia na Watoto lipo kwenye vituo vya polisi, nenda naye, usimpeleke kuulizwa maswali peke yake.

Kwa ulichoandika sioni hizo dalili, lakini mimi nasoma barua, wewe ndo unamuona anavyokula.

Na huyu wa miaka 8 anayeuliza kaka haji, usimwambie kaka amekuwa mkubwa hataki tena kucheza na sisi, atalibeba vibaya. Mwambie kaka anapumzika leo, safari ya mwezi ujao ni ya kwake yeye kaka kupanga. Halafu jaribu hiki, Jumapili moja mkiwa mmefika Coco wote, mpe mkubwa elfu kumi mkononi umwambie nenda na mdogo wako mkale mihogo huko mbele, sisi tupo hapa, saa 12 mrudi. Nyinyi wawili na binti mbaki kwenye mkeka. Usiwafuate.